Mwizi wa Kuku wa London

Siku Tajudini alipoungua mkono kwa maji ya rejeta, hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Karimu, fundi mwenzake wa upande wa pili wa barabara, ambaye spana ilimdondoka mguuni kwa kumwonea huruma. Tajudini mwenyewe alibaki ameinama juu ya injini, anautazama mkono ukibadilika rangi, kama mtu anayetazama mkono wa abiria aliyekaa naye kiti kimoja.

"Taju! Toa mukono, we!"

Akautoa. Akaufunga kitambaa cha kufutia oili, akaendelea kufungua bolti.

Ilikuwa wiki ya sita tangu mkewe Khadidja azikwe. Siku ya mazishi hakulia. Siku ya hitima hakulia. Watu wa mtaa wao wa Buyenzi, ambao kwa kuupima uso wa mfiwa hawana mpinzani, waligawanyika: wengine walisema ni imani, wengine wakasema ni ukavu wa moyo. Yeye alisema neno moja tu, na alimwambia dada yake Fatouma, aliyehamia kwake ili amtazame na kumpikia.

"Unajua ukikalia muguu mpaka unakufa ganzi? Basi. Mi nimekaliwa mwili muzima."

Ili ujue hasara ilivyokuwa kubwa, ni lazima umjue Tajudini wa zamani. Kutoka Kinanira mpaka Mutanga Nord, mji mzima, hapakuwa na mtu aliyejua kujisifu kama yeye. Wanaojisifu wapo wengi, lakini wengi wanajisifu bila ufundi. Tajudini alikuwa na ufundi. Alisema Kiingereza amejifunzia Nairobi, akila sahani moja na mabalozi. Ukweli ni kwamba Nairobi alikaa miezi saba, na mabalozi aliwaona wakati anaosha magari yao. Shule alifika darasa la tano. La sita alilipita kwa nje, akielekea gereji.

Lakini hiyo miezi saba aliifanyia kazi kuliko wengine walivyoifanyia kazi miaka saba ya chuo kikuu. Kila Jumamosi alasiri watoto wa mtaa walimiminika nyuma ya gereji yake, wa Kiislamu na wa Kikristo, kila mmoja na daftari. Tajudini alitandika gunia chini, kama anavyolitandika anapofungua kabureta. Fundi mwenye akili, kila anachokitoa anakipanga kwenye gunia kwa mstari, ili arudi nao mstari ule ule wakati wa kufunga. Basi na kitenzi cha Kiingereza alikifungua vivyo hivyo. Kila maana ni bolti moja. Mtoto anaiokota, anatoa sentensi, anairudisha mahali pake.

Mwisho wa somo ulikuwa ndio utamu wenyewe: asili. "To run", kukimbia, ilianza na mwizi mmoja wa kuku wa London, mtu mfupi, mwenye kifafa cha kicheko, aliyekimbizwa na mbwa wa malkia kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. "To cook" ilitoka kwa mjane fulani aliyemlisha askari supu ya viatu. Watoto waliandika yote. Khadidja alikuwa anakaa mlangoni na sinia ya mboga za lengalenga, anachambua, na kila asili ilipoanza kunoga alikuwa anakohoa. Kikohozi kimoja kikavu. Watoto walidhani ni vumbi. Tajudini alijua ni nini, na alipokisikia alikuwa anaongeza mbwa wawili makusudi.

Tangu Khadidja aondoke, masomo yaliendelea. Tajudini hakuyaacha, kama alivyokuwa hajaacha kupiga mswaki. Gunia lilitandikwa, bolti zilipangwa, lakini asili alizisoma kutoka kichwani zile za zamani, kwa sauti ya mtu anayesoma namba za injini.

Alhamisi moja akaja Dévote, mama mmoja wa avenue ya pili kutoka hapo, anayefanya usafi kwenye ofisi za serikali. Alimshika mkono binti yake Benite, mwenye miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza.

"Tonton Taju, nakuja kukusumbua na mimi."

"Karibu, Mama Benite. Kaa. Kile kiti kina oili, kaa kile kingine."

Dévote hakukaa. Alieleza akiwa amesimama. Kulikuwa na shule kule juu Gihosha, shule nzuri, darasa la watoto ishirini na tano. Shule hiyo ilikuwa inatoa nafasi moja kila mwaka kwa mtoto ambaye wazazi wake hawawezi. Nafasi moja. Watoto kumi na wawili walikuwa wanaigombea. Kila mtoto alichota kikaratasi chenye kitenzi kimoja cha Kiingereza, na Jumanne angesimama mbele ya walimu watatu ili akieleze: maana zake, na kilikotoka. Asipopata, Benite anarudi kwenye shule ya mtaa, darasa la watoto tisini na sita, ambalo mwalimu wa Kiingereza aliliacha kabla ya Noeli na hakuletwa mwingine.

"Umechota nini?" Tajudini akamwuliza mtoto.

Benite akafungua kiganja. Karatasi ilikuwa imelowa jasho. *Keep*.

"Jumamosi," Tajudini akasema. "Njoo na daftari."

Dévote akamshukuru kwa mikono miwili. Mlangoni akageuka. "Watu wanasema hakuna neno la Wangereza ambalo we hujui nyumba yake. Mungu akulinde, Tonton."

Zamani angeichukua ile sifa akaitembeza mtaa mzima. Sasa ilimpita tu, akarudi chini ya gari.

Jumamosi watoto walikuja tisa. Arnaud alikaa mbele. Huyo ni mtoto wa mshonaji viatu, mdomo wake haujui sikukuu. Benite alikaa ubavuni mwa gunia, kalamu imechongwa pande zote mbili.

Tajudini akaweka bolti ya kwanza. "Kipu. Kushika kitu kibaki kwako. *Keep the key*. Ufunguo ubaki nao, usinirudishie." Akaweka ya pili. "Kufuga. *Mama Houda keeps chickens*."

"Apana, wamekufa wote!" Arnaud akasema. "Kideri ilipita."

"Basi alikuwa anafuga. Nyamaza. Na hiyo nayo ni bolti: *keep quiet*. Si kunyamaza tu. Kunyamaza na kuendelea kunyamaza. Arnaud, hiyo bolti ni yako, iweke mufukoni."

Watoto wakacheka. Tajudini hakucheka. Akapanga nyingine. Kuendelea kufanya jambo: *keep walking*, usisimame njiani. Kushika ahadi. Kuzuia: yale maneno yanayoandikwa kwenye mageti ya mabwana wa Kinanira, *keep out*, baki hukohuko nje. Na hata maziwa: maziwa yasipochacha haraka, Mwingereza anasema *they keep*.

Benite aliandika, kisha akanyanyua kichwa. "Tonton, yote hizi ni kitu kimoja ao ni vitu vingi?"

Lilikuwa swali la fundi. Tajudini akaziangalia bolti. "Ni kitu kimoja. Zote zinashika kitu kisiondoke. Ufunguo usiondoke, kuku asiondoke, kimya kisiondoke."

"Na kama kimeshaondoka?" Arnaud akauliza.

"Basi unatafuta kitenzi kingine."

Alilisema bila uzito wowote. Fatouma peke yake, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, aliacha kupepeta.

"Sasa asili!" watoto wakaimba. "Asili! Asili!"

Benite akageuza ukurasa, akaandika juu, kwa herufi kubwa: ASILI. Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Ulimi wa Tajudini, ambao miaka ishirini haujawahi kukosa mafuta, ukaanza wenyewe. "Kulikuwa na mufalme mmoja wa Wangereza, mwenye funguo arobaini. Alikuwa haamini mutu, hata mama yake. Funguo amezifunga kwenye ndevu..."

Akangoja. Hakujua anangoja nini, mpaka alipogundua kwamba amenyamaza na watoto wote tisa wanamtazama. Pale mlangoni alikuwa Fatouma na ungo wake, na Fatouma kifua chake ni kizima kabisa, hakina kikohozi.

"Tonton, endelea! Mufalme na ndevu!"

"Sijui," Tajudini akasema.

Wakacheka sana. Walidhani ni mtego mpya. Arnaud akajipiga paja.

"Nasema sijui. Hakuna mufalme. Nilikuwa namutengeneza sasa hivi."

Kicheko kikafa kimoja kimoja, kama mataa ya mtaa umeme unapokatwa. Arnaud akafungua daftari lake nyuma. "Na wa *cook*? Mujane na supu ya viatu?"

"Uongo."

"*Sleep*? Yule mulinzi wa zamu aliyelala juu ya farasi?"

"Uongo."

"Mwizi wa kuku wa London?"

"Uongo. Nilimutoa hapa." Akagusa kipaji cha uso. "Yote nilitoa hapa."

Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alijitafutia aibu ndani kama unavyotafuta funguo kwenye mfuko uliotoboka, mkono ukatokea upande wa pili. Watoto walianza kukunja madaftari. Mmoja alikuwa anang'oa kurasa taratibu, kwa adabu, asije akachana na zile za hesabu.

Benite hakung'oa kitu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye lile neno alilolipigia mstari. "Zimebaki siku tatu tu," akasema. "Nitasema nini mi?"

Ndipo Fatouma aliposimama, akajipangusa mikono, akachomoa simu kwenye khanga. Simu yenye kioo, aliyotumiwa na mtoto wake aliye Kigali. Kwenye darasa la Tajudini simu zilikuwa haramu siku zote. Alisema simu ni elimu ya wavivu. Leo alinyoosha mkono akaipokea.

Mtandao ulikuja na kuondoka, ukaja. Kiingereza cha mle kilikuwa kigumu, basi wakakitafuta na kwa Kifaransa, vichwa viwili juu ya kioo kimoja kilichopasuka, Benite akisoma na Tajudini akifuata kwa kidole chenye oili. Walisoma mara tatu. Neno lilikuwa la zamani sana. Miaka elfu moja iliyopita Waingereza walikuwa wameshaliandika. Siku hizo maana yake ilikuwa kukamata, na kukitazama kitu kwa makini. Lakini kabla ya hapo, nyumba yake haijulikani. Wataalamu wameitafuta kwenye lugha za jirani, na ndugu wa hakika hawajamwona.

"Haijulikani," Benite akasema. Akamwangalia kwa hofu. "Tonton, hiyo ni zero! Watasema sikusoma. Watasema nimeshindwa kutafuta." Akamshika mkono wa shati. "Nipe mufalme. Tafadhali, sha. Mufalme alikuwa muzuri. Nitasema na funguo zote arobaini."

"Apana."

"Hawatajua!"

"Wakijua je? Nafasi ni moja. Ukiwapa mufalme, na mmoja wao amewahi kusoma hiki tulichosoma, umerudi kwenye watoto tisini na sita."

"Na nikisema haijulikani nitakuwa kama mujinga."

Hapo Tajudini alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Alimwona amesimama vibaya. Mabega ndani, kidevu kifuani, miguu imegeukiana kama inasemezana. Kwa mambo ya Kiingereza Tajudini alikuwa ameshajivua kanzu mbele ya watu. Lakini kusimama! Kusimama mbele ya watu na kuwafanya wakuamini, hiyo ilikuwa kazi anayoijua kuliko mabalozi wote wa Nairobi.

"Simama pale, karibu na ile tairi. Sema: haijulikani."

"Haijulikani."

"Unaomba radhi? Umevunja sahani ya mutu? Tena."

"Haijulikani!"

"Sasa unagombana. Apana. Sikiliza. Mi nilikuwa nasema uongo na watu wananiamini, kwa sababu gani? Nilikuwa simalizi haraka. Nilikuwa siangalii chini. We una kitu cha kweli, na unakisema kama umekiiba. Miguu sawa. Kidevu. Wasomi wa dunia nzima wametafuta nyumba ya hili neno, hawajaiona. Na we unajua kwamba hawajaiona. Wangapi Buyenzi wanajua hivyo?"

"Sisi wa hapa tu," Benite akasema.

"Bon. Tena."

Walirudia mpaka alasiri ikaisha. Arnaud, aliyebaki kwa udaku tu, akageuzwa mwalimu wa Gihosha, akakalishwa juu ya ndoo, akapewa ruhusa ya kuuliza kwa dharau. Alikuwa na kipaji. "Mademoiselle, hujui ao hukusoma?" Na Benite, mara ya ishirini na kitu, akamjibu bila kupepesa jicho.

Jumanne Dévote hakupata ruhusa kazini, akamwomba Tajudini amsindikize mtoto. Mafuta hayakuwepo mjini wiki ile. Magari yalikuwa yamelala kwenye foleni za stesheni za petroli, na pikipiki chache zilizopita zilikuwa na watu watatu watatu. Wakapanda Gihosha kwa miguu, Benite mbele, Tajudini nyuma na chupa ya maji. Mlima ni mlima. Pumzi ilimkata, na aliona tu kwamba imemkata.

Shuleni wazazi waliambiwa wangoje nje. Tajudini akasimama chini ya dirisha, mahali ambapo fundi yeyote angesimama kama ameletwa kutazama bomba la maji. Dirisha lilikuwa wazi.

Benite alieleza maana zote, kwa Kifaransa na Kiingereza vikichanganyika. Kuku wa Mama Houda aliwataja, na akasema walikufa kwa kideri, ili asiwe ametoa mfano wa uongo. Mwalimu mmoja mwanaume, ambaye wenzake walikuwa wanamwita Sylvère, akauliza: "Na asili yake?"

"Kabla ya Kiingereza cha zamani, haijulikani, Bwana mwalimu."

Sylvère akagonga kalamu mezani.

"Haijulikani na nani? Na wewe?"

"Na wasomi. Wametafuta, hawakupata ndugu zake wa hakika. Kama mimi ningewaambia nimempata, ningekuwa ninawadanganya."

Tajudini alisikia kiti kikisogezwa. Kisha sauti ya mwalimu mwanamke, yenye kicheko ndani yake. "Unatoka Buyenzi, wewe? Mwaka jana tulipata msichana mwingine wa Buyenzi. Yeye alipewa *run*. Akatueleza kuhusu mwizi wa kuku wa London."

"Na mbwa wa malkia!" Sylvère akasema, na walimu wote watatu wakacheka. "Tulicheka wiki nzima. Masikini, na kwenye maana za kitenzi alikuwa amewashinda wote."

Benite alitoka na uso unaowaka. Njia nzima ya kushuka aliongea yeye tu. Ijumaa karatasi ilibandikwa kwenye geti la shule, na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Dévote alikuja gereji anakimbia na kandambili moja mkononi, akamwangukia Tajudini shingoni, akawaita majirani. Watu walipiga vigelegele. Tajudini alisema alhamdulillahi, akangoja furaha ije. Haikuja. Kilichokuwa kimekaa kifuani kwake tangu Jumanne kilikuwa ni kile kicheko cha dirishani.

Maana mwaka jana aliyekwenda Gihosha kutoka mtaa huu alikuwa mmoja tu. Amira, binti wa Karimu.

Alingoja watu watawanyike, akavuka barabara. Karimu alikuwa ameketi kwenye boneti anakula ndizi. Amira alikuwa na karai mbele yake, anafua mavazi ya kazi ya baba yake. Miaka kumi na tatu sasa. Jumamosi hakuwa anakuja tena, na Tajudini hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Amira," akasema. "Kule Gihosha, mwaka jana. Ulikosa kwa sababu yangu."

Karimu akaacha kutafuna. Mtoto akaendelea kusugua kola.

"Najua, Tonton."

"Unajua? Walikuambia?"

"Walicheka mbele yangu. Mi nikawaambia wasimucheke mwalimu wangu." Akaikamua nguo, akaitikisa. "Nikatoka nje, nikalia, nikarudi nyumbani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Amira akamtazama, akamtazama baba yake, akaangalia maji ya karai. "Nilikuja kukuambia. Jioni ile ile. Hukuwepo, nikamukuta Ma Khadidja. Alinikumbatia sana. Akaniomba nisikuambie. Alisema, 'Yule ukimunyang'anya hadithi zake, hajui namuna nyingine ya kukaa na watu.' Akasema atatafuta siku yake, akuambie yeye mwenyewe, polepole."

Gari lilipita, la kwanza baada ya saa nzima. Vumbi likaja likakaa juu ya nguo mbichi.

"Hakuniambia," Tajudini akasema.

"Aliugua, Tonton."

Alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno. Mtu kama yeye hakosi maneno. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno, kilikuwa sauti ndogo mbaya, kama mkanda wa feni unaoteleza. Akashika mlango wa gari la watu lililokuwa hapo. Mkono ule ulioungua ukaanza kumwuma, na safari hii aliusikia.

"Baba," Amira akasema, akijipangusa povu mikononi. "Lete kiti."